Mahindi kudumaa baada ya trekta, chimba kwanza uone

Mkuu, kama mahindi yako hapo Babati yamedumaa na maji yanatuama tangu uanze kulimiwa na trekta, usikimbilie mbolea. Chimba shimo la kama sentimita 40, ng'oa na mche mmoja uangalie mizizi, ikiwa imeshuka kidogo halafu imekunja kwenda pembeni kama herufi L basi kuna tabaka gumu pale chini, linatokana na jembe la sahani kupita kina kilekile kila mwaka.

Dawa yake ni ripa, yaani chuma kirefu kinachovutwa na trekta kupasua udongo bila kuugeuza, ishuke kidogo kupita hilo tabaka, ila udongo uwe mkavu, baada ya kuvuna, maana ukiwa mbichi haupasuki, chuma kinapita tu kama kisu kwenye ugali. Hapa nakusihi sana: chukua udongo wa kina cha jembe uviringishe mkononi, ukitoka kama mnyoo mwembamba bila kukatika mwambie dereva arudi siku nyingine, hata kama ana foleni ya wateja. Ili udongo usishindiliwe tena, tela la mavuno libaki barabarani, trekta nayo ipite njia zilezile shambani. Msimu ujao changanya na mbaazi, mizizi yake inazama sana.