Kama mumeo katoka ng'ambo ya Ruvuma na anataka uraia

Ndoa za ng'ambo mbili za Mto Ruvuma si jambo geni huku Mtwara. Mimi ni wa Newala, mume wangu ni Mmakonde wa Mueda, Msumbiji. Tangu apewe uraia wa tajnisi, yaani uraia wa Tanzania anaopewa mgeni aliyeomba, kina dada wengi wananiuliza kuhusu lugha: waume zao watapimwaje, na wapeleke cheti gani?

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Pia awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia nyepesi zaidi. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania hana, lazima atimize masharti haya. Naona hilo linatuonea sisi wake, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Sisi hatukudaiwa cheti cha lugha. Kiswahili chake kilionekana aliposimama kujieleza. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia cheti cha Kiswahili, usitoe hela, nenda kwanza Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa ukaulize. Kiingereza kinaruhusiwa, ila maombi huanza kujadiliwa kwenye kata kabla ya kwenda wilayani na mkoani, na huko katani watu wanaongea Kiswahili.

Tatizo letu kubwa lilikuwa Kimakonde. Nyumbani Kimakonde, shambani Kimakonde, msibani Kimakonde. Majirani kwa wema wao wanamrahisishia mgeni, naye anakaa miaka mingi na Kiswahili cha kununulia chumvi. Sasa mwambie aeleze aliingia lini, kwa kibali gani, anaishi kwa kazi gani na kwa nini anataka kuwa raia!

Usimkaririshe majibu. Jioni baada ya kula nilikuwa namuuliza kama ofisa. "Uliingia nchini lini?" Anajibu vizuri. Nikigeuza, "Kabla ya kuja Newala ulikuwa unaishi wapi, na nani?" kimya. Tukaacha kukariri, akawa ananisimulia maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, leo utoto, kesho safari, keshokutwa kazi. Hadithi aliyoizoea kuisimulia haimpotei hata swali likibadilika.

Tarehe zinataka mazoezi ya peke yake. Wenzetu wa Msumbiji wengi huhesabu miaka na hela kwa Kireno hata wakiwa katikati ya Kimakonde. Mzoeze kutaja mwaka wake wa kuzaliwa wote, elfu moja mia tisa na kuendelea, bila kusita. Na saa pia: saa nane ya asubuhi ya Kireno ndiyo saa mbili yetu, na akiitwa ofisini saa mbili asichanganye.

Darasa lililomsaidia kuliko yote lilikuwa mikutano ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho. Siku aliyonyanyua mkono kuuliza kuhusu makato, akajibiwa, akauliza tena, nilijua yuko tayari. Kama mumeo hajui kusoma, mtafutie kisomo cha ngumbaru. Lafudhi isimtie aibu hata kidogo. Sisi wenyewe wa Newala tunayo, na sheria haidai Kiswahili cha Unguja.

Jambo la mwisho ni zito. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ataukana ule wa Msumbiji. Someni naye sehemu hiyo polepole, kisha akueleze yeye, kwa Kiswahili, anaahidi nini na anaacha nini. Mume wangu alichukua muda hapo, maana mama yake yuko Mueda mpaka leo. Kama mumeo hawezi kulieleza bado, au moyo wake haujakubali, msipeleke fomu mwaka huu.