Nilikuwepo kisa kitamu kilipopikwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama tunaziamini hadithi za kugusa moyo kuhusu huduma kwa wateja katika kampuni za teknolojia, limenigusa pabaya. Mmetoa mfano wa Zappos, duka la viatu la mtandaoni, ambalo mhudumu wake alikaa kwenye simu na mteja mmoja kwa zaidi ya saa 10, Desemba 2012. Nilikusudia kujibu kwa neno moja tu, hapana, nikalale. Lakini hedifoni za mhudumu wa simu nimewahi kuzivaa, kwa hiyo mtanivumilia.

Anayepokea simu yako mara nyingi hata si mwajiriwa wa kampuni unayoipigia. Ameajiriwa na kampuni nyingine iliyopewa mkataba wa kupokea simu, na mkataba huo unataja wastani wa muda wa kila simu. Sisi tulihudumia wateja wa kampuni moja kubwa ya kuhifadhi picha na mafaili, ambayo sitaitaja. Ukutani kulikuwa na skrini yenye majina yetu. Ukizidisha dakika jina linageuka jekundu, na msimamizi anakuja kusimama nyuma ya kiti chako bila kusema kitu.

Siku moja dada aliyekaa meza ya jirani alipokea simu ya mzee, mwalimu wa kwaya. Mzee amebadilisha laini, amesahau nenosiri, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ya zamani ambayo hanayo tena. Ndani ya akaunti mna rekodi za mazoezi ya kwaya za miaka mingi. Maelekezo tuliyopewa yalisema: mpe pole, mwambie ajaze fomu ya kurejesha akaunti, maliza simu. Majibu ya fomu yalitumwa kwa baruapepe. Baruapepe ipi? Ya akaunti hiyohiyo iliyofungwa. Tulilijua hilo sote, na bado tuliwasomea wateja maelekezo hayo kutwa nzima kwa sauti ya upole.

Yule dada hakuyasoma. Alimuuliza mzee kama ana kifaa kingine chochote alichowahi kukitumia kuingia kwenye akaunti. Mzee akafikiri, akakumbuka kishikwambi kilichopasuka kioo, kimelala kwenye droo, hakina chaji. Akaenda kutafuta chaja. Ya kwanza haikuingia. Akatafuta nyingine. Kwa utaratibu wetu, mteja akiiacha simu kitambo unaruhusiwa kukata, tena unahimizwa. Dada akasubiri, jina lake limeshakuwa jekundu. Kishikwambi kikawa kinapata chaji polepole huku wao wanaongea. Mzee akiwalalamikia watu wa sauti ya tatu, kwamba mazoezini hawaonekani lakini siku ya kuimba ndio wanaosimama mbele. Msimamizi akaja, akaondoka, akarudi. Hatimaye kioo kikawaka, na akaunti ilikuwa bado wazi humo. Wakabadilisha namba ya simu papo hapo, rekodi zikaonekana, na mzee akakata simu bila kuaga, nadhani kwa furaha.

Mwisho wa mwezi dada alinyimwa bonasi. Wastani wake ulikuwa umeharibika.

Mzee aliandika barua ya shukrani. Barua ikapanda ngazi, na baada ya muda tukakisoma kisa chetu kwenye ukurasa wa kampuni ile kubwa, kimepambwa na picha ya binti anayetabasamu ambaye hakuna aliyewahi kumwona ofisini kwetu. Kilisema wahudumu wao hawahesabu dakika. Tulikisoma chini ya ile skrini! Kikaongeza kwamba mhudumu na mzee waliimba pamoja wakisubiri chaji. Hakuna aliyeimba.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, niwaambie msiamini kitu. Ila kuna kilichofuata, ambacho wakati ule sikukipa uzito. Kisa kilipowapendeza wakubwa, swali la yule dada liliingizwa kwenye maelekezo: kabla ya kutaja fomu, muulize mteja kama ana kifaa kingine. Tangu hapo wateja wengi walifunguliwa akaunti zao kwa mstari huo mmoja, na hao hakuna aliyewaandikia kisa. Tulikuwa tumeilalamikia ile fomu vikaoni hadi tukachoka. Bonasi haikurudi, na hilo silisamehe, lakini siwezi kusema kisa kile hakikusaidia mtu.

Basi mimi sihoji sana kama kisa kilitokea. Nahoji mhudumu alikuwa anapimwa kwa kitu gani. Zappos wanajulikana kwa kutowapima wahudumu kwa urefu wa simu, kwa hiyo saa zao 10 naziamini bila taabu. Mwandishi wa safu Joe Nocera alipoandika katika gazeti la The New York Times, Januari 2008, kwamba duka la mtandaoni la Amazon lilimtumia PlayStation 3, mashine ya michezo ya video, ya pili bila malipo baada ya ile ya kwanza kupotea ikiwa imeshafikishwa kwenye jengo lake, naamini pia, ingawa si kila mteja ana safu gazetini. Gazeti hilohilo, Agosti 2022, liliripoti habari za baba mmoja wa San Francisco aliyempiga picha mwanawe mgonjwa ili daktari aone. Mitambo ya Google ilizidhania kuwa picha za unyanyasaji wa mtoto, akaunti ikafungwa. Polisi walichunguza wakaona hana kosa. Google haikumrudishia akaunti. Huyo hakumpata dada wa meza ya jirani.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo silo nililokaa kuliandika, ni kwamba vingi naviamini. Navipa uzito zaidi vikisimuliwa na mteja mwenyewe, na mhudumu akisemwa alifanya nini hasa, kifaa gani, hatua gani. Kikiletwa na kampuni yenyewe, kipunguzeni nusu. Na mkichapisha barua hii, Mhariri, tafadhali msiongeze wimbo.