Kuishi na ndugu anayeacha kokeini

Kama nyumbani kwako yupo anayejaribu kuachana na kokeini, usimpime kwa viapo vyake. Mdogo wangu aliapa mbele ya mama na mbele ya mchungaji, akalia machozi ya kweli, kisha akarudia. Ukoo mzima ukasema hana haya. Mimi niliyekaa naye Uyole, Mbeya, kipindi chote hicho nasema haya alikuwa nayo tele. Kilichodhoofika ni ile sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, inayomwezesha mtu kujizuia.

Chembe za neva hupashana habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa dopamini. Ukila ukiwa na njaa au ukipata habari njema, dopamini hutoka kidogo, kisha hurudishwa ndani ya chembe iliyoitoa. Kokeini huziba njia hiyo ya kurudi. Dopamini inarundikana, na ubongo unaandikiwa kwamba hakuna jambo kubwa kuliko hili. Ikivutwa puani, raha hudumu kama dakika 15 hadi 30. Ikivutwa kwa moshi, 5 hadi 10. Ndiyo maana mtu anakesha akirudia.

Ubongo nao hujihami kwa kupunguza vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za chembe zinazoipokea. Mwaka 1993 mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake, Marekani, walichapisha vipimo vya picha za ubongo vya watumiaji wa kokeini: vipokezi vilikuwa pungufu hata miezi 3 hadi 4 baada ya kuacha, na upungufu huo uliambatana na kuzorota kwa kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo. Miezi ile mdogo wangu aliletewa ndizi anazozipenda, akaletewa mwanawe ampakate, uso wake usibadilike. Mama aliumia sana. Msilazimishe furaha, bado haina pa kupokelewa.

Kinachotisha zaidi ni kumbukumbu. Yeye alikuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma, na unga alikuwa akiuvuta kwa noti iliyosokotwa. Siku moja pale Mwanjelwa muuza mitumba alimrudishia chenji, noti mpya kabisa. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo, na vidole vimeshaanza kuisokota noti kabla hajajua anachofanya. Akaniambia, "Dada, niondolee hii hela." Maeneo ya ubongo yanayotunza kumbukumbu zenye hisia, amigdala ikiwemo, huamka kwa kuona tu kitu kilichoambatana na dawa, na hamu hiyo yaweza hata kuongezeka katika miezi ya mwanzo.

Basi pambaneni na vile vitu, mumwache mtu. Kwetu malipo yake yaliingia kwenye simu ya mama. Laini ya zamani ikavunjwa. Tunduma hakwenda, hata msibani, na waliolaumu tuliwaacha walaumu. Pombe nayo ikakoma, maana ikikutana na kokeini ini hutengeneza kemikali nyingine inayoudhuru zaidi moyo. Kifua kikimbana, kimbieni hospitali na mtaje kokeini bila kuficha, kwa kuwa daktari atachagua dawa kulingana na hilo.

Wengi walituambia tumpeleke kwenye methadoni. Methadoni ni tiba ya heroini na jamii yake. Kwa kokeini hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa. Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kutambua vishawishi vyake, pamoja na kumzawadia kila kipimo cha mkojo kinapokuwa safi. Bado nendeni hospitali, ulizeni kitengo cha afya ya akili, kwa sababu wapo wanaochanganya kokeini na heroini bila kuwaambia ndugu. Hilo hutokea sana.

Akianguka tena, usimfukuze usiku ule. Mpe chakula, alale. Asubuhi muulize kwa upole: ulikuwa wapi, na nani, hela ilitoka kwa nani? Mdogo wangu alitaja baa moja ya njiani na rafiki aliyempa lifti. Tangu hapo tukawa tunapita barabara nyingine.