Re: Kwa nini Steve Martin aliacha stendapu akiwa juu kabisa?

Mkuu, umeuliza ilikuaje Steve Martin, yule mchekeshaji wa Marekani, anajaza viwanja halafu anaacha stendapu (kuchekesha watu peke yako jukwaani) anakimbilia muvi. Mi namfuatilia huyu mzee miaka mingi na naona watu wengi wanamwelewa vibaya, wanadhani alifuata hela tu. Jamaa alianza kama mwandishi bwana, miaka ya 60 mwishoni alikuwa anaandikia shoo ya vichekesho ya Smothers Brothers kwenye tivii na 1969 akapata Emmy, tuzo kubwa ya tivii Marekani, na wenzake, ila akaacha ile kazi akarudi kwenye viklabu vidogo kupambana na maiki. Mwenyewe kwenye kitabu chake cha 2007 anasema alifanya stendapu miaka 18, kumi ya kujifunza, minne ya kunoa na minne tu ndo ya umaarufu wa kutisha, hebu fikiria hiyo kumi! Sasa umaarufu ulivyokuja ndo ukaharibu kitu, maana ukumbi ukiwa na maelfu ya watu wanaopiga kelele kabla hujafungua mdomo huwezi tena kujaribu kitu kipya, ule utulivu unaohitajika kwenye kichekesho unakuwa haupo. 1979 akatoa muvi ya The Jerk, skripti kashiriki kuandika, 1981 akaacha jukwaa. Muvi ya Roxanne ya 1987 kaandika mwenyewe, na kwangu hiyo ndo kazi yake bora, pale unaona kabisa mwandishi na mwigizaji ni mtu mmoja. Halafu 2021 akiwa na miaka 70 na kitu akaja na tamthilia ya tivii ya Only Murders in the Building, kaianzisha na John Hoffman na anaigiza humohumo.