Fundi Nijibu: Siti nimerudisha vizuri, mbona taa ya eabegi haizimi?

Mwezi huu sijui mmeambizana, barua karibu zote ni siti na eabegi (ile mifuko ya hewa inayojaa gari likigonga), siti na eabegi. Sawa, za injini tutazirudia siku nyingine, leo tukae ndani ya gari.

Shikamoo fundi. Nilitoa siti mbili za mbele nioshe kapeti, mtoto alimwaga maziwa na ile harufu ilikua imenishinda. Nimerudisha siti zote, bolti nimekaza mpaka mwisho, lakini sasa kuna taa nyekundu ya kijitu kimekaa na mpira mbele yake, haizimi. Gari linatembea fresh tu. Nimekosea wapi? – Baba Mapacha

Marahaba Baba Mapacha. Gari sijaliona lakini naweza kukuhadithia ulichofanya. Ulichomoa soketi za chini ya siti, siti ukaziweka nje, halafu kabla hujazirudisha ukawasha swichi, labda ulitaka redio ikusindikize wakati unasugua, au ulisogeza gari kivulini. Hapo ndipo.

Iko hivi. Ukiwasha swichi tu, kompyuta ya eabegi inaita majina kama mwalimu na rejista yake, eabegi ya usukani upo, ya abiria upo, ya siti ya dereva upo, mkanda upo. Kila moja ina kiwashio kidogo ndani ambacho ukinzani wake, yaani jinsi kinavyozuia umeme, kwa kawaida unacheza kwenye ohm 2 hivi, kompyuta ikipima ikaikuta hiyo namba inaridhika inazima taa. Wewe siti ilikua barazani inakauka, ikaitwa haikuitika, ikaandikwa mtoro. Na kwenye magari mengi hata mtoro akirudi jina lake halifutiki lenyewe, mpaka mtu aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari alifute. Usikae nayo hivyo ukisema si gari linatembea, taa hiyo ikiwa inawaka ujue siku ya ajali eabegi huenda zisifunguke, na sio ya siti peke yake.

Kabla hujaenda kwenye mashine, zima swichi, toa kebo ya hasi ya betri, subiri kidogo (nitakwambia kwa nini) halafu lala chini uangalie soketi ya njano. Rangi ya njano kwenye gari ni lugha, waya au soketi ya njano chini ya siti au nyuma ya usukani maana yake hapa kuna baruti usiguse ovyo. Isukume mpaka isikike tak na kile kibanio chake kikae, nyingi zinakua zimeingia nusu. Angalia waya haujabanwa na reli ya siti. Na kwa kuwa uliosha na maji, angalia pini kama zimeshaanza kuota ukijani, sponji na kapeti vinashika maji siku nyingi kuliko unavyofikiri, juu pakavu chini bado bwawa. Halafu ndio uende kufuta kodi, yaani ile kumbukumbu ya mtoro kwenye kompyuta, na muulize fundi mapema kama mashine yake inasoma eabegi, maana vile vimashine vidogo vya bei rahisi vingi vinasoma injini tu na atakwambia gari halina tatizo.

Siku nyingine ukitaka kutoa siti fanya hivi. Kama siti ni za umeme zisogeze kwanza, nyuma utoe bolti za mbele, mbele utoe za nyuma, ukishatoa betri hazisogei tena utabaki unazitazama. Zima swichi, toa kebo ya hasi, subiri. Vitabu vya magari vinatofautiana, kuna vinavyosema sekunde 90, vingine dakika 3, vingine zaidi, mimi nasubiri dakika 10 kwa magari yote sina haraka ya kufa. Sababu ni kwamba ndani ya kompyuta kuna kapasita inayotunza umeme makusudi, ili betri ikikatika kwenye ajali eabegi bado ziwe na nguvu ya kulipuka, sasa wewe ukichomoa hapohapo unachezea kitu ambacho bado kina uhai. Ukishachomoa, swichi usiiguse mpaka siti zote zimerudi na soketi zimeingia. Na asitokee fundi umeme wa kutaka kupima kiwashio kwa mita, ile mita kwenye kupima ohm inapitisha umeme wake, mdogo ndio, lakini kiwashio nacho hakihitaji mwingi.

Halafu hiyo "nimekaza mpaka mwisho" imenipa wasiwasi kidogo. Bolti za siti zina kipimo chake kwenye kitabu cha gari, tafuta mtu mwenye spana ya kipimo. Kwenye magari mengi kile kichomekeo cha mkanda kimefungwa kwenye siti yenyewe, kwahiyo gari likigonga bolti hizo ndio zinakushikilia wewe.

Fundi, nataka kushonea siti zangu ngozi nzima, fundi siti ameniambia hakuna shida, ila jirani ananitisha eti eabegi haitatoka. Nani mkweli? – Dereva wa Zamu

Jirani. Angalia ubavu wa siti ya mbele upande wa mlango, usawa wa bega, kama kuna kitambaa kidogo au maandishi yenye herufi SRS basi ndani mmelala eabegi ya ubavuni. Inatoka kwa kupasua mshono, na mshono ule umeshonwa kiwandani kwa uzi uliopimwa ukatike pale pale. Sasa fundi siti anakuja na uzi wake wa nailoni, ule mnene anaojisifia kwamba hata mtu mnene akae miaka 10 haukatiki, anakushonea mara mbili mbili kwa upendo kabisa. Amekufungia eabegi gerezani.

Muda wenyewe hauna mjadala. Eabegi ya usukani inajaa kwa kama milisekunde 30, ukipepesa jicho imeshajaa na kuanza kunywea. Ya ubavuni inatakiwa iwe na haraka zaidi maana mbele yako kuna boneti nzima ya kupondeka kabla hujafikiwa, lakini ubavuni kuna mlango tu na upana wa kiganja. Ikichelewa kutafuta pa kutokea haina kazi tena, au itatokea pasipo pake ikupige.

Ngozi unaweza kuweka, sikatai, lakini ubavu ule uachwe na mshono wa kiwandani, au ununue kava zilizoachwa wazi sehemu hiyo. Mwambie pia asiongeze sponji kwenye kalio la siti ya abiria bila kuuliza, magari mengi yana sensa ya uzito humo chini.

Hiyo sensa ya uzito ndio inayonipigia kelele nikiweka begi kwenye siti? – Mama Nuru

Ndio hiyohiyo Mama Nuru, inadhani begi lako ni mtu hajafunga mkanda. Weka begi chini au nyuma. Na usimwagie maji siti hiyo kwa mpira kama unaosha zulia, sensa ikilowa inaanza kusema uongo, mtu mzima amekaa yenyewe inasema hakuna mtu na inazima eabegi yake. Kitambaa kilichokamuliwa na sabuni laini kinatosha. Na kama una mtoto mchanga nikuongezee hata kama hukuuliza, kile kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele kwenye eabegi iliyo hai, hata kwa safari ya dakika mbili. Nyuma.

Nimenunua gari lililotumika, dashibodi safi kabisa hakuna taa hata moja. Nitajuaje eabegi zipo kweli? – Msomaji wa Simu

Swali lako limenifurahisha kwa sababu wengi wanaogopa taa inayowaka, wewe umeogopa isiyowaka, na hiyo ndio ya kuogopwa zaidi.

Kaa kwenye siti, washa swichi bila kuwasha injini, kodoa macho kwenye taa ya eabegi peke yake. Inatakiwa iwake, ikae sekunde kadhaa, kwenye magari mengi ni kama 6, halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameichomoa au ameiziba. Ikiendelea kuwaka, halafu ukiwasha injini ikazima sekunde ileile na taa nyingine, mfano ya oili au ya chaji, inawezekana imeunganishwa nayo ili ikudanganye, eabegi ina saa yake haifuatani na jirani.

Kuna ujanja mbaya kuliko huo. Nimesema kompyuta inatafuta ohm 2. Basi wapo mafundi, siwaiti wenzangu, gari likishapata ajali na eabegi kulipuka wananunua rizista, kidude kidogo chenye ukinzani tu wa ohm 2, kitu ukikidondosha kwenye mchanga hukioni tena, wanaichomeka kwenye soketi ya njano. Kompyuta inaita, rizista inaitika nipo. Taa inazima kihalali kabisa! Mashine nayo ukichomeka inaweza kukwambia kila kitu kizuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa gari, honi haifanyi kazi, nikafungua kifuniko cha usukani nikakuta matambara. Matambara ya kufutia oili, yamekunjwa vizuri yamejaza ile nafasi, na kifuniko kimegundishwa na gundi kwa ndani pale kilipopasuka. Mwenye gari alikua amesimama pembeni, aliniuliza hayo ndio eabegi? Nilikosa jibu. Alikua ameendesha na familia miaka miwili.

Kwahiyo lipeleke kwa fundi anayeaminika afungue, betri imetolewa na muda umesubiriwa kama nilivyosema juu, aone kwa macho yake eabegi yenye namba yake ya kiwandani. Wewe mwenyewe kabla ya hapo unaweza kuangalia mambo machache. Kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria vifanane rangi na ugumu na plastiki ya jirani. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, uangalie kama una alama ya kuungua au kukwaruzika na kama unarudi vizuri, maana mikanda ya mbele nayo mingi ina baruti ndogo inayouvuta ukukaze wakati wa kugonga, na ikishafyatuka inabadilishwa. Ukikuta mkanda umekwama na gari eti halijawahi kupata ajali, muulize muuzaji vizuri.

Honi imekufa na taa ya eabegi imewaka siku moja. Vinahusiana? – Mchovu wa Gereji

Sana. Nyuma ya usukani kuna utepe wa waya umezungushwa kama ukili wa mkeka, mafundi wanauita spairo kebo, unapeleka umeme wa honi na wa eabegi huku usukani unazunguka. Ukikatika vinakufa pamoja. Unabadilishwa, hauungwi. Na kipya kiwekwe katikati yake matairi yakiwa yamenyooka, fundi akikikosea hapo ukikata kona ya kwanza kali kinakatika tena utarudi kunilaumu mimi.

Fundi mimi naogopa hizo eabegi, nimesikia zinaua watu kwa vyuma. Si bora nizitoe? – Anaogopa

Ulichosikia kina ukweli wake. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vijazio vya eabegi (vile vikopo vyenye baruti inayoijaza) vinavyotumia amonia naitreti, na vingi havikua na kitu cha kufyonza unyevu ndani. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi vikaharibu ile baruti, siku ya kulipuka inaungua kwa kasi kupita kiasi, kikopo cha chuma kinapasuka na vipande vinaruka kwa aliyekaa mbele yake. Watu wamekufa kweli, na wengine ajali yenyewe ilikua ndogo. Marekani peke yake vijazio kama milioni 67 vimeitwa virudishwe, na Takata ikaomba kufilisika mwaka 2017. Magari yaliyoguswa ni ya kampuni nyingi, Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW, Ford na wengine, kwahiyo usiseme langu sio Honda niko salama.

Ila kutoa sio dawa. Chukua chasisi namba yako, ingia tovuti ya mtengenezaji wa gari lako kwenye sehemu ya magari yaliyoitwa, au wapigie mawakala wake. Gari lililotoka Japani moja kwa moja litafute kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani, huku kwingine namba yake inaweza isionekane. Likiwemo, kubadilishiwa kijazio ni bure, na usichelewe hasa kama unaishi sehemu ya joto na unyevu.

Likiwa halimo, acha woga ukae vizuri, mkanda umefungwa, kifua mbali na usukani angalau sentimita 25. Eabegi imeumbwa kusaidia mkanda, asiyefunga anarushwa mbele anakutana nayo ikiwa bado inajaa, na hapo inaumiza kweli.

Nimepata eabegi ya siti ya mtumba, nimeiweka chumbani nikisubiri fundi. Ni salama? – B.

Chumbani tena! Hujui gari ilikotoka lilizama au lilikaa juani miaka mingapi, na kama ni la kwenye ile orodha ya Takata umenunua tatizo la mwenzio. Mimi siifungi. Mpaka umpate wa kuiharibu kitaalamu, usiitupe kwenye takataka wala kuichoma, iweke mbali na watoto, joto na betri. Ukiibeba, upande unaofunguka utazame mbali na mwili wako, na ukiiweka chini upande huo utazame juu. Ukiilaza kifudifudi ikalipuka, itakayoruka kwenda darini ni chuma chenyewe.