Kabla ya kununua bwawa la kuogelea la juu ya ardhi, kagua uwanja wako

Tangu tuweke bwawa la kuogelea uani, kila mgeni anayekuja lazima aulize tumelinunua kiasi gani. Bei ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Unalipa, unaletewa maboksi, basi. Kulipenda au kulichukia kutategemea ardhi utakayoliweka na mtu atakayelihudumia, na hayo mawili hayaandikwi kwenye boksi.

Ardhi kwanza. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Bwawa la duara lenye upana wa mita 4.5, ukilijaza hadi kina cha mita 1.1, linachukua takriban lita 17,500. Hizo ni tani 17 na nusu, na zote zinakaa juu ya udongo wako. Uwanja ukiwa umeinama, kina cha maji huongezeka upande wa chini, ukuta wa upande huo husukumwa zaidi, na miguu ya fremu inayoushikilia huanza kuzama au kupinda. Usiyaamini macho. Uwanja wetu ulionekana tambarare kabisa, lakini tulipolaza ubao mrefu na kuweka pima maji (kile kifaa cha fundi chenye kiputo) juu yake, upande mmoja ulikuwa chini kwa karibu upana wa kiganja. Kijana aliyetusaidia alitaka kujaza udongo upande ule. Nikamkatalia. Udongo wa kujazia hutitia ukishalowa na kulemewa, kwa hiyo kinachochimbwa ni upande wa juu mpaka ulingane na wa chini. Baada ya hapo tulishindilia, tukaokota kila kijiwe na kila mzizi, tukatandaza mchanga laini, halafu turubai. Kazi hiyo ilitutoa jasho kuliko kufunga bwawa lenyewe.

Kama sehemu pekee uliyonayo iko juu ya shimo la maji taka, chini ya nyaya za umeme, au ni roshani ambayo hakuna mhandisi aliyeipima, achana na wazo hili.

Kuhusu maji, wengi hudhani bwawa linamwagwa na kujazwa upya kila wiki. Hapana. Yakitunzwa, maji yaleyale hukaa msimu mzima, na unaongeza tu yanayopotea kwa jua na kwa watoto kurushiana. Kutunza ndiko kwenye kazi. Klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu, inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Unachovya kikaratasi cha kupimia, unalinganisha rangi, unaongeza kinachopungua. Jua huila klorini haraka, ndiyo maana mimi huiweka jioni. Na ukisikia ile harufu kali ya bwawani inayowasha macho, usidhani klorini imezidi. Mara nyingi harufu hiyo hutokana na klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na dawa iliyobaki haitoshi. (Ndiyo, mkojo. Waambie watoto wapite chooni kwanza.) Usichanganye kamwe dawa ya klorini na asidi, wala usizihifadhi pamoja, hutoa gesi ya sumu.

Pampu nayo inataka umeme saa kadhaa kila siku, na chujio linataka kusafishwa. Ukisafiri siku chache wakati wa joto ukaacha vyote vimelala, utakuta maji ya kijani na viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo kabla hujalipa, taja jina la mtu mmoja nyumbani atakayefanya kazi hii. "Tutasaidiana" maana yake ni wewe.

Kama una watoto wadogo, au jirani anao, hapa sina mzaha. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Ukuta wa mita 1.2 humzuia mdogo, lakini ukiweka pampu, kiti au ndoo karibu nao, umempa pa kupandia. Ngazi iondolewe kila mkitoka, uzio uwe na mlango unaojifunga wenyewe, na mtu mzima awepo macho yakiwa majini, si kwenye simu. Na hakuna kupiga mbizi. Maji ya kina kifupi hivyo huvunja shingo.

Kama bado unasita, nunua kwanza lile dogo la kujaza upepo, ulitumie msimu mmoja. Mkichoka nalo baada ya wiki chache, kiingilio cha bwawa la umma kitawatosha. Mpangaji ana sababu nzuri ya kuchagua la juu ya ardhi, kwa kuwa anaweza kulifungua na kuhama nalo, ila apate kwanza ruhusa ya mwenye nyumba.

Halafu tembea uani ujionee maji hayo yote yatapita wapi siku ya kuyamwaga. Acha kuweka klorini siku kadhaa kabla, upime hadi iishe, la sivyo utaunguza mimea. Na kama mteremko unaelekea kwa jirani, ongea naye kabla hujanunua.