Watakupanda kichwani? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu ukabidhiwe timu, mkuu wako amekuonya usijenge mazoea na watu, maana wakikuzoea watakupanda kichwani. Unaniuliza kama kiongozi anaweza kuwajali walio chini yake na kazi bado ikaenda. Halafu umenitajia yule mmoja aliyekuwa hodari: siku hizi anachelewa, kazi yake imejaa makosa, na ukimuuliza anajibu tu, "Niko sawa."

Mkuu wako hajakosea kabisa. Yapo mazoea yanayoua kazi. Kiongozi anayewapa zamu nzuri wale wawili watatu anaopiga nao soga, kisha akafumba macho wakizembea, wenzao wanamwona na hawamwambii. Ila huo ni upendeleo, na dawa yake ni kutenda haki kwa wote. Kununa hakuutibu.

Mimi naona kuwajali watu ni sehemu ya kazi yenyewe, na nina sababu. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano ziwe na makosa machache. Takwimu zikamgeuka: timu nzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipochimba, akabaini kwamba tofauti kubwa ilikuwa kwenye kusema. Palipokuwa na msimamizi anayefikika, wauguzi waliyataja makosa na kuyajadili. Palipokuwa na hofu ya kushtakiwa, walinyamaza, na kumbukumbu zao zikaonekana safi.

Hilo lifikirie taratibu. Ukiwa kiongozi wa kuogopwa, utaletewa taarifa safi kila wiki mpaka siku mteja atakapopiga simu amefura kwa hasira, na hapo ndipo utakapojua kwamba nusu ya ofisi ilikuwa na habari tangu mwezi uliopita. Mtu hakuletei habari mbaya kwa kuwa kanuni inamtaka. Anakuletea kwa sababu mara ya mwisho alipokuja na kosa dogo, hukumvua nguo mbele ya wenzake. Kwa hiyo chunga uso wako pale mtu anapokuja na neno "samahani" mdomoni. Uliza kwanza kinachohitajika kufanywa sasa hivi. Ya nani alikosea yana wakati wake, na wakati huo uwepo kweli.

Nilipokuwa kitengo cha mishahara tulikuwa na mkuu mmoja, mama wa maneno machache, wala hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mwenzetu aliporudi kazini baada ya kufiwa na mumewe, mkuu hakumpa hotuba. Alivuta kiti, akakaa pembeni ya meza yake, akabeba nusu ya mafaili yaliyokuwa yamerundikana. "Haya nimempa mwingine. Hayo yaliyobaki, ukizidiwa niambie mapema, usingoje siku ya malipo." Basi, akaondoka. Wiki kadhaa baadaye hesabu za yule mwenzetu zilipoanza kurudi na kasoro, mkuu huyohuyo alimwita faraghani akamweleza bila kuzunguka kwamba kuna watu wamelipwa pungufu kwa mkono wake. Hakuna aliyempanda kichwani mama yule.

Na wale wagumu, usiwakimbie. Endurance, meli ya msafara ulioongozwa na mvumbuzi wa Uingereza, Ernest Shackleton, ilibanwa na barafu ya Antaktika ikazama mwaka 1915. Walipopiga kambi juu ya barafu, aliwachukua kwenye hema lake mwenyewe baadhi ya wale aliohisi wangeweza kuleta manung'uniko, akiwemo mpiga picha Frank Hurley, aliyependa kuonekana ana nafasi. Wengi wetu tungewapangia hema la mwisho kabisa! Watu wote 28 wa meli ile walirudi hai. Sisemi ni kwa sababu ya mahema, lakini mpango ule haukuwa wa bahati.

Sasa huyo wako. "Una tatizo gani?" ni swali la polisi, lazima akujibu yuko sawa. Mwite mkiwa wawili, umtajie ulichokiona kwa macho: "Wiki hii umechelewa mara tatu, na ripoti ya Jumanne ilikuwa na tarakimu za mwezi uliopita. Si kawaida yako. Kuna kitu naweza kukupunguzia?" Kisha funga mdomo. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Ukimya ukituzidi tunaanza kutoa mawaidha, na mtu anapata pa kujificha.

Anaweza asikuambie, na hana deni hilo kwako. Akikuambia, liishie hapo. Usiende kikaoni ukasema "tumwelewe mwenzetu," maana ni kumtangaza. Toa kilicho ndani ya uwezo wako: saa, mgawanyo wa kazi, likizo. Yaliyo ya daktari au ya mwanasheria, mwelekeze huko, usijifanye mganga wa kila kitu. Halafu mpange siku ya kuonana tena, na siku hiyo kazi isipokuwa imenyooka, mwambie. Ukinyamaza kwa kumwonea huruma, wenzake ndio wanaobeba mzigo wake, na hao nao ni watu wako.

Umesema tathmini za mwaka ziko karibu. Zungumza naye kabla. Akishaiona ile fomu mezani hatakuambia lolote, na mimi ningekuwa yeye nisingekuambia pia.

Nipigie ukishamaliza.

Mama yako